Mwaka Tulipowamaliza Mamba

Mama Kulwa alifariki mwezi uliopita, nyumbani kwa binti yake Buhongwa, na habari zilinifikia nikiwa Buswelu, kwenye nyumba niliyojenga kwa kiinua mgongo, nikichambua mchicha kibarazani. Aliyenipigia simu alikuwa Kulwa mwenyewe. Sikuwa nimesikia sauti yake kwa zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo sijui namba yangu aliipata wapi. Hakunisalimu. Alisema, "Mwalimu Adela, mama amefariki. Tunazika Jumamosi. Uje." Akanitajia mtaa, akakata. Nilikaa na mchicha mapajani mpaka beseni la maji likapata moto kwa jua. Watu wa umri wangu tunaitwa misibani kila wiki, tumeshazoea: unatoa rambirambi, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unakula wali, unarudi. Lakini nilijua msiba huu sikuitwa kama wanavyoitwa wengine.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu nilipopangiwa kufundisha Nyabulele, kijiji cha ukingoni mwa ziwa upande wa Misungwi. Nilikotoka na walionizaa nitawaacha. Inatosha kusema mimi ni Mhaya, nilizoea ndizi na kahawa, na nilipofika pale nilijiona kama mtu aliyeadhibiwa bila kosa. Shule ilikuwa na nyumba moja tu, ya mwalimu mkuu. Mimi nikapewa chumba kwa Mama Kulwa, mjane aliyekuwa akiishi na binti zake wawili: Kulwa, msichana wa miaka kumi na minane ambaye pacha wake, Doto, alikufa mchanga, na Nyamizi, aliyekuwa darasa la tano, darasa langu. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, na dirisha dogo ambalo ukisimama kwenye kitanda unaliona ziwa. Ukuta uliotenganisha chumba na sebule haukufika juu kwenye bati. Harufu ya chakula iliingia yote, na maneno yaliingia yote. Jioni tulikula pamoja, ugali wa muhogo na mlenda, na akipatikana sato Mama Kulwa aligeuza sinia ili mnofu uwe upande wangu. "Mwalimu hali kichwa," alimwambia Nyamizi. "Kichwa chako wewe, uongeze akili." Nyamizi alikifyonza kichwa cha samaki huku akiiga lafudhi yangu ya Kihaya, mimi nami nikiiga Kisukuma chake, tukicheka mpaka Mama Kulwa anatuambia tule kabla ugali haujapoa.

Pampu ya kijiji ilikuwa imeharibika kabla sijafika. Maji yote, ya kunywa, ya kufua, ya kufyatulia matofali, yalitoka mwaloni, pale mitumbwi ilipopakia na kushusha. Mamba walikuwapo. Kila mtu alijua, kama unavyojua jirani yako ana mbwa mkali. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: hushuki mwaloni peke yako, husimami maji yakipita vifundo vya miguu, unachota kwa kata yenye mpini mrefu huku mwenzako anatazama maji. Mama Kulwa aliniambia hayo siku ya kwanza tu, hata kabla hajanionyesha choo kilipo.

Ilikuwa Jumatano, kipindi cha pili, Kiswahili. Nilikuwa nasoma imla. Nikatamka neno moja kwa lafudhi ya kwetu, sikumbuki tena neno gani, na Nyamizi akacheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kile kicheko chetu cha nyumbani, akanitazama kama anayesubiri nimrudishie. Lakini watoto arobaini walicheka naye, na mimi nilikuwa mwalimu mgeni mwenye miezi minne kazini. Nikamwambia asimame. Nikasema, "Kwa kuwa una nguvu za kucheka, chukua ndoo, kajaze maji ya walimu." Akauliza, "Na nani, Mwalimu?" Alikuwa anaujua utaratibu kuliko mimi. Nikamjibu, "Na mdomo wako." Darasa likacheka tena, safari hii upande wangu, na mimi nikafurahi. Nakumbuka nilivyofurahi. Nikarudia neno lile kwenye imla, kwa sauti kubwa zaidi, na hakuna aliyethubutu.

Ndoo ilionekana kabla ya saa sita, ikielea karibu na matete. Mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu upande wa pili wa mwalo alisikia mlio mmoja wa maji, akadhani ni mtu katupa jiwe. Mwalimu mkuu alikuja darasani kwangu akiwa na jasho, akauliza mbele ya watoto wote, "Nyamizi alitokaje darasani?" Nikasema, "Aliomba ruhusa kwenda chooni." Nilisema mbele ya watoto arobaini waliokuwa wamesikia kila kitu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mbuke, msichana aliyekaa naye dawati moja, alinitazama, kisha akainamia daftari lake kana kwamba imla bado inaendelea. Walichokipata watu baada ya siku mbili ni kipande cha sketi ya bluu. Tulizika hicho. Na siku zote za matanga, Mama Kulwa, aliyekuwa ameketi chini na kanga kichwani, aliinua uso kila chakula kilipoletwa akauliza, "Mwalimu amepata?"

Barua ya kuomba wawindaji niliiandika mimi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndaki, alitaka barua iende wilayani na hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wangu. Niliandika kurasa tatu. Niliandika kwamba kijiji kimezingirwa, kwamba watoto wa shule hawana usalama, kwamba mamba wote wa eneo lile waangamizwe. Kwenye mkutano nilisimama nikazungumza, mimi msichana mgeni, na akina baba wakanipigia makofi. Siku hizi nikisikia redioni kwamba mahali fulani kando ya ziwa mtu kachukuliwa na watu wanadai mamba wauawe wote, huwa najiuliza ni nani kati yao anapiga kelele kuliko wengine, na anaficha nini. Maana mimi kila mamba aliyetajwa alinipunguzia mzigo. Kosa likishakuwa la mamba, linakuwa la mamba peke yake.

Wilaya ilimleta Bwana Sospeter, Mkerewe mwembamba wa makamo, mwenye bunduki aliyoiviringisha kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Alipewa hema uwanjani lakini chakula alikula kwa Mama Kulwa. Siku aliyofika nilisema naumwa kichwa nikabaki chumbani, na maneno yakanifuata juu ya ukuta.

"Mayu," Sospeter alimwita mama kwa Kisukuma, "nitaua. Ndiyo kazi niliyotumwa. Lakini nisikudanganye kwamba nitamuua aliyemchukua mwanao."

"Kwa nini?" Mama Kulwa aliuliza.

"Ninayempiga mimi ni yule anayetoka kulala juani nikamwona. Aliyeshakula mtu, kisha akapigiwa madebe wiki nzima, huyo haoti jua tena. Na hawa nikiwamaliza, mahali pao hapakai tupu. Watakuja wengine kutoka kule kwenye matete ya ghuba. Hao hawawajui ninyi, na ninyi hamuwajui."

"Sasa unawaulia nini?"

"Watu wameomba," alisema Sospeter, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Nilimsikia akinawa mikono. "Kama mngeniuliza mimi, ningesema pigeni miti majini, mzungushe mahali pa kuchotea, mmwage mawe chini. Na pampu itengenezwe. Mtoto asiwe na sababu ya kushuka."

Mama Kulwa akasema, polepole, "Mwanangu hakuwa na sababu ya kushuka. Alikuwa darasani."

Nililala nikiwa nimejifunika uso, mchana kweupe, na nikasikia sinia likisogezwa sakafuni. Asubuhi Sospeter alinikuta njiani kwenda shule. "Mwalimu," aliniambia, "nasikia wewe ndiye uliyeandika barua ya mamba. Imeandikwa vizuri. Basi andika na ya pampu." Nikamwitikia kwa furaha kwamba nitaandika. Sikuandika. Barua ya pampu ingemleta ofisa wa maji, na ofisa wa maji angeuliza nani huchota maji kijijini na saa ngapi, na shule hupata wapi maji yake. Nilikuwa nimeshafika hapo kwa mawazo, hatua kwa hatua, kama mtu anayepiga hesabu, na jibu lilikuwa daima jina langu.

Sospeter alikaa wiki tatu. Aliwapiga mamba kumi na saba. Walivutwa kwa kamba mpaka mchangani, wakalazwa kwa mstari, na Mzee Ndaki aliwapasua matumbo kwa panga huku kijiji kikitazama. Tumboni mlikuwa na mifupa ya samaki, manyoya ya ndege, mawe, kwato za mbuzi, na mara moja bangili ya shaba ambayo haikuwa ya mtu yeyote aliyekumbukwa. Kila tumbo lilipofunguliwa, Mama Kulwa aliitwa aje aangalie. Alikuja amejiziba pua kwa kanga, akainama, akatazama ndani vizuri, maana hakuwa mtu wa kufanya kazi nusunusu, akasema, "Hapana." Alipofika mamba wa saba alimwomba Mzee Ndaki asimwite tena, wakiona kitu ndipo waje kumwambia. Mzee Ndaki akamjibu mbele ya watu, "Lazima uone mwenyewe. Haya yote tunafanya kwa ajili yako." Akaitwa mara kumi na saba.

Wa kumi na nane, wa mwisho, hakupigwa risasi. Alinaswa kwenye nyavu za dagaa, mamba mdogo, urefu wake haukuzidi meza ya mwalimu. Wavuvi wakamfunga mdomo kwa kamba ya katani, wakamleta shuleni kama zawadi. Mwalimu mkuu alisema watoto wamepoteza mwenzao, wana haki. Akawapanga mistari kama gwaride la asubuhi, darasa la kwanza mpaka la saba, kila mtoto fimbo moja. Mimi nilisimama kwenye mlingoti wa bendera nikigawa fimbo. Wadogo walipiga kwa woga na kurudi mbio wakicheka. Wakubwa walichagua mahali. Mmoja alilenga jicho, na mwalimu mkuu akasema, "Vizuri." Mnyama hakulia. Mkia ulijaribu kujizungusha mara mbili tatu, kisha ukawa unatetemeka ncha tu. Zamu ya darasa la tano ilipofika, Mbuke alikuja mbele yangu na hakupokea fimbo. Nikamwambia, "Chukua." Akatikisa kichwa. Nikasema tena, kwa ukali, maana mwalimu mkuu alikuwa anatazama. Mbuke akasema, kwa sauti ambayo niliisikia mimi peke yangu, "Si huyu, Mwalimu."

Nilimshika mkono nikamfunga vidole kwenye ile fimbo. Nilimsukuma mgongoni. Akapiga, na alipopiga mara moja hakuacha; alipiga mpaka fimbo ikavunjika na wenzake wakanyamaza, na ikabidi mwalimu mkuu amwondoe. Mamba alikuwa ameshakufa zamani.

Sospeter alipoondoka walichinja ng'ombe. Mzee Ndaki alisimama juu ya kiti akasema, "Leo ziwa ni letu." Kabla ya hapo, kwa ushauri wa Sospeter, vijana walikuwa wamekata miti mingi ya kutengenezea uzio wa mwaloni, na ilikuwa imelundikwa pale pale karibu na maji, imeshachongwa ncha. Ikatumika kujengea kibanda cha wageni wa sherehe. Iliyobaki ikapikia nyama. Nani angepiga miti majini kuzuia mamba wasiokuwapo?

Nimeufikiria mwaka ule mara nyingi, na kinachonitisha ni jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi. Mamba walipokuwa wengi, watu wa Nyabulele waliingia majini mpaka kwenye vifundo. Mamba walipokwisha, waliingia mpaka kiunoni. Wiki moja baada ya sherehe akina mama walikuwa wanafua wamesimama ndani, watoto wanaogelea mpaka kwenye mitumbwi, kata za mpini mrefu zimegeuzwa kuni. Hakuna aliyemwambia mwenzake atazame maji. Kama kulikuwa na mamba mmoja tu aliyesalia, au mmoja aliyekuja kutoka kwenye matete, basi huyo mmoja aliandaliwa chakula kuliko wale kumi na wanane wote kwa pamoja.

Mimi na Kulwa tulishuka Jumamosi moja kufua. Yalikuwa mashuka yangu, alijitolea kunisaidia. Tangu Nyamizi afe alikuwa hapendi ziwa, alitaka tufulie nyumbani kwa ndoo. Mimi ndiye niliyesema, "Kulwa, mbona unaogopa kivuli? Mamba wamekwisha, hukuwaona kwa macho yako?" Nilitaka aamini. Akiamini yeye, dada wa marehemu, nami ningeamini. Tukaingia mpaka mapajani. Alikuwa anakamua upande mmoja wa shuka na mimi upande wa pili, tumelivuta kati yetu, na akaanza kunisimulia habari za kijana mmoja wa Usagara aliyemtumia salamu. Shuka likanichomoka mikononi. Nilidhani ananitania. Nikamwona anakaa chini majini, polepole, kama mtu aliyechoka, na uso wake haukuonyesha maumivu, ulionyesha mshangao. Kisha akapiga kelele jina langu.

Nilikimbia. Lazima niliandike hivyo hivyo. Sikukimbilia kwake, nilikimbia nchi kavu, nikaendelea kukimbia mpaka mchanga ukaisha, na nilipogeuka nilikuwa karibu na miti ya minyaa, mbali kabisa. Aliyeingia majini ni Mama Kulwa. Alikuwa analima bustani ya nyanya hatua chache kutoka mwaloni na alikuja na jembe lake. Aliingia na gauni lake lote, akanyanyua jembe na kulishusha kama anavunja bonge la udongo, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, maji yamekuwa mekundu na hajui anampiga nani. Kitu kikaachia. Akamvuta bintiye kwa nywele mpaka nje. Mkono wa kushoto ulikuwa umebaki kwa ngozi tu. Hospitali ya mjini Mwanza waliukata juu ya kiwiko.

Kijiji hakikuomba wawindaji tena. Hapo ndipo ningependa wanaopenda kuhesabu mizoga wasikilize. Mamba walikuwa wamekwisha. Tulikuwa tumewamaliza, tumewahesabu, tumekula ng'ombe kwa furaha. Sasa huyu katoka wapi? Kwa kuwa hakuna aliyetaka kusema kwamba kazi yote ile ilikuwa bure, ilibidi awe mamba wa namna nyingine. Mamba wa kutumwa. Nilianza kuyasikia maneno mwaloni, dukani, kwenye ofisi ya walimu. Mbona amechukua nyumba moja mara mbili? Mbona mume naye alikufa kijana? Na mama mtu anaingia majini na jembe, mamba anamwachia, yeye hana hata mkwaruzo! Mwanamke gani wa kawaida anafanya hivyo? Ule ushujaa ambao mimi sikuwa nao ndio uliotumika kama ushahidi dhidi yake.

Ilikuwa mimi wa kusema. Neno moja tu, kwamba Nyamizi alishuka ziwani kwa sababu nilimtuma peke yake, lingetosha kuvunja nusu ya ushahidi wao. Na neno la pili, kwamba Kulwa aliingia majini kwa sababu nilimcheka, lingevunja iliyobaki. Nilikula chakula cha mama yule siku kumi na nne zaidi baada ya uvumi kuanza. Kulwa alikuwa bado hospitali, kwa hiyo tulikula wawili tu, sinia kati yetu. Yeye hakuwa mzungumzaji tena. Alinisogezea mboga, akaniangalia, akangoja, nami nikasema chakula kitamu, nikaenda kusahihisha madaftari. Kisha mwalimu mkuu akaniambia si vizuri mwalimu kukaa nyumba inayosemwa, akanipa chumba kwake. Nilihama Jumapili wakati Mama Kulwa ameenda kumtazama mgonjwa mjini. Sikumwachia hata ujumbe.

Kijiji kilimpa Mama Kulwa siku tatu aondoke. Siku ya nne, saa nane mchana, vijana walipanda juu ya nyumba wakaanza kung'oa bati. Wengi walikuwa wanafunzi wetu wa zamani. Mama Kulwa alisimama nje na sufuria zake, godoro, na Kulwa aliyekuwa ametoka hospitali siku mbili kabla, amekaa juu ya godoro lile, bandeji bado mbichi. Nilikuwa natoka shuleni na madaftari ya darasa la tano. Njia ilipita pale. Nilipita. Mwezi wa kumi na mbili nikaomba uhamisho, nikaupata, na nikafundisha miaka mingine mingi, katika shule nyingine nyingi, na wanafunzi wangu watakwambia nilikuwa mwalimu mpole ambaye hakuwahi kumtuma mtoto maji.

Jumamosi ya mazishi nilifika Buhongwa mapema. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Kulwa alikuwa ameketi karibu na jeneza, mama mtu mzima mwenye mvi, mkono mmoja umelala mapajani, upande wa pili kanga imefungwa vizuri begani. Nikainama nimpe pole. Hakuinuka. Akachukua karatasi iliyokunjwa akanipa. "Historia ya marehemu," alisema. "Wewe ni mwalimu. Soma."

Nikasema labda asome mtu wa familia. "Soma wewe," akasema.

Nikasimama mbele ya watu nikasoma. Marehemu alizaliwa, marehemu aliolewa, marehemu alijaliwa watoto watatu. Nilikuwa nasoma kwa ile sauti ya darasani ambayo hainipotei. Mstari wa nane ulisema: Mwanawe Nyamizi aliuawa na mamba akiwa ametumwa maji, peke yake, na mwalimu wake. Jina la mwalimu halikuandikwa. Niliusoma mstari wote, na kinywa changu kilikuwa tayari kimeanza mstari wa tisa, nakiri, kilikuwa kimeshaanza, nilipomwona Kulwa hajaniangalia kabisa. Alikuwa anatazama chini, kama mtu aliyeshajua nitafanya nini. Nikasimama. Nikasema, "Mwalimu huyo ni mimi."

Sijui nilitegemea nini. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Wanawake wawili walinong'onezana. Wengi pale walikuwa watu wa Buhongwa, hawakuijua Nyabulele wala Nyamizi, na jua lilikuwa kali. Mchungaji akasubiri kidogo kwa adabu, kisha akasema taratibu, "Endelea, Mwalimu. Muda." Nikaendelea mpaka mwisho wa karatasi, wajukuu sita, maradhi ya mwaka mzima, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Baada ya kuzika nilimkuta Kulwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye benchi, anakula kwa mkono wake mmoja. Nikakaa pembeni yake.

"Mlijua lini?" nikamwuliza.

"Mbuke alikuja siku ya tatu ya matanga. Akamwambia mama, mimi nikiwepo."

"Siku ya tatu?" Sikuelewa. "Lakini mama aliendelea kunipikia. Miezi yote ile."

"Alisema tusikuulize. Alisema mtu mzima hasemeshwi, husema mwenyewe. Kila ulipokaa kwenye sinia alidhani leo atasema." Alimeza, akafuta mdomo kwa kiganja. "Hata walipoanza kumsingizia, alisema ngojeni, Mwalimu atasema. Hawezi kuacha hili. Mimi nilitaka kukutangaza, yeye akakataa. Akasema ukisema wewe watakuamini, tukisema sisi wataona tunajitetea."

"Akangoja mpaka lini?"

Kulwa alinigeukia kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

"Mpaka siku ya bati," alisema. "Ulipita na madaftari. Mama alikuita. Hakusema Mwalimu, alikuita Adela, kama anavyoniita mimi Kulwa. Alikuita mara mbili. Nimetaka kukuuliza maisha yangu yote, na ndiyo maana nikakupigia simu. Vijana walikuwa wanapiga kelele juu ya nyumba, bati zinaanguka. Mama mpaka anakufa alisema labda hukusikia."

Nilitazama sahani yake. Ningeweza kusema kelele zilikuwa nyingi. Alikuwa ameshanipa jibu hilo, limeandaliwa, mnofu umegeuziwa upande wangu.

"Nilisikia," nikamwambia.